Kabati la Tableti

Nairobi mjini, 3 Februari 2026

Kwa Mwalimu Wahome,
Gredi ya Tano, Shule ya Msingi ya Karuthi.

Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni Kanyiva, mama ya Kavutha, yule msichana wako mrefu anayekaa upande wa dirisha. Nimeambiwa siku hizi mzazi anaongea na mwalimu kwa ile programu ya simu. Yangu ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, inapiga na kupokea, basi. Na nikikupigia hushiki. Kwa hivyo nimechukua karatasi, Kavutha atakuletea kwa mkoba. Usicheke mwandiko. Niliachia Fomu ya Pili, na hii naandikia juu ya cherehani hapa kazini mjini, tajiri wangu Nthiwa akiwa ameenda kula.

Jana mtoto wangu alirudi na chakula chake vile nilivyokifunga. Nikamuuliza, akasema ni tumbo. Nikamuuliza tena, akavuta sweta akafunika uso. Ni Wahu, msichana wa jirani yangu, aliyekuja mlangoni akaniambia, "Auntie, Mwalimu alitutoa mbele ya paredi. Alisema na maikrofoni, mimi na Kavutha na Mutie ni wezi wa majibu."

Mwalimu, wewe unajua mwizi ni neno gani? Mimi nafanya kazi katikati ya jiji. Huku mtu akiitwa mwizi barabarani hakuna anayeuliza aliiba nini. Watu wanainama kutafuta mawe. Sasa wewe umelichukua neno hilo umemvisha mtoto wa miaka kumi, mbele ya shule yote, na maikrofoni juu.

Hawa watoto watatu tunaishi ploti moja. Ni baba Wahu peke yake aliye na simu ya kioo. Kila jioni wanakaa kwa ngazi, wanashika hiyo simu kwa zamu, wanafanya homwaki yako. Mimi nikifika natoka kazini nawakuta hapo. Mtoto wangu hajaiba. Nataka uniandikie ni nini aliiba, na alimwibia nani.

Ni mimi,
Kanyiva (Mama Kavutha)


Shule ya Msingi ya Karuthi
5 Februari 2026

Kwa Bi. Kanyiva,

KUH: KAZI YA NYUMBANI YA KIDIJITALI

Barua yako nimeipokea. Shule yetu imeingia katika mfumo mpya wa ufundishaji. Darasani tunatumia tableti, na kazi ya nyumbani hutumwa kupitia programu. Mabadiliko haya hayaepukiki, na tunawaomba wazazi wayakumbatie badala ya kuyapiga vita.

Kuhusu binti yako: kwa majuma matatu kazi yake, ya Wahu na ya Mutie imetoka katika simu moja, ikiwa na majibu yanayofanana neno kwa neno. Nitakupa mfano mmoja tu. Swali lilikuwa: "Ni chombo gani cha usafiri kilicho salama zaidi?" Wote watatu wameandika: "Bodaboda, bora ushikilie vizuri na dereva awe mtu wa kanisa."

Bi. Kanyiva, nimekuwa mwalimu tangu kabla hujazaliwa. Watoto watatu hawawezi kuota ndoto moja. Ama wananakiliana, ama kuna mtu mzima anayewafanyia. Nimewapa sufuri. Alama hizo zitaingia katika rekodi ya mwaka, ambayo itabebwa hadi Gredi ya Sita. Ni funzo chungu lakini litawafaa.

Wako katika elimu,
J. M. Wahome


Nyumba ya tatu, 5 Februari

Baba Wahu,

Naandika na kupitisha chini ya mlango kwa sababu nikifungua mdomo, ploti yote itatoka nje na miko mkononi, na watoto watasikia.

Nimesoma barua ya mwalimu nikiwa nimesimama hapo kwa tangi. "Bodaboda, bora ushikilie vizuri na dereva awe mtu wa kanisa." Mwaura! Nairobi yote hii hakuna mtoto wa miaka kumi anaweza kuandika hivyo. Ni mtu mmoja tu anaongea hivyo, na pikipiki yake imeandikwa Zaburi nyuma.

Nimemwandikia mwalimu nikaapa. Nimeweka jina langu. Sasa mtoto wangu ameitwa mwizi, na wako pia, kama hujui. Niambie ulifanya nini na hiyo simu. Na usiniletee utani.

Kanyiva


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)
6 Februari

Mama Kavutha, sasa.

Usirushe kwanza, soma yote. Ni ukweli, ni mimi. Lakini nisikize. Ile saa watoto wanashika simu ndio ile saa watu wanatoka kazi, wananipigia niwachukue steji. Wahu anamaliza, Mutie anamaliza, simu inabaki na Kavutha. Na huyo msichana wako anafikiria! Swali moja anaangalia juu kama anangoja malaika amshushie. Wateja wanapiga, yeye anakata. Mzee wa kanisa yetu alipiga mara mbili akakatwa, akabebwa na Fidel, na Fidel hata helmeti ya abiria hana.

Sasa nikawa namwambia, enda ukule mamangu, mimi nitamalizia. Nachukua yenye Wahu ameandika naweka. Na zenye nilikuwa na haraka sana naweka yangu kwa wote watatu, natuma. Nilidhani shule inataka tu kuona kitu imefika. Sikujua kuna mtu anasoma.

Na hiyo ya bodaboda nilijibu na roho safi.

Mke wangu Becky amenifokea tangu jana mpaka chai ikapoa. Wahu hataki kupanda pikipiki yangu kwenda shule, anatembea. Hiyo ndiyo imeniuma. Ukitaka niende kwa mwalimu nitaenda, hata nitavaa shati ya kufunga vifungo.

Pole. Kabisa.
Mwaura


Mutuini, 9 Februari 2026

Mwalimu Wahome,

Nilikuandikia kwamba Kavutha hajaiba. Bado hajaiba. Lakini kuna kitu sikujua na sasa nakijua, na sitakuficha. Baba Wahu ni mtu wa bodaboda, na alikuwa anajaza majibu ya watoto ndiyo simu yake irudi haraka. Kavutha zamu yake ni ya mwisho kwa sababu ananingoja mimi nifike, kwa hivyo mengi ya kwake yalijazwa na huyo mtu. Nimempata, amekubali, na yuko tayari kuja kukuambia mwenyewe. Hilo ni la kwetu na tumelimaliza huku kwetu. Simu haitashikwa tena na mtu mzima.

Sasa tuje kwa la kwako.

Kwa barua yako uliandika, "Darasani tunatumia tableti." Nilifurahi kusoma hivyo. Nikamwambia Kavutha, kumbe mko nazo, hebu niambie zinakaa aje. Akasema, "Ni nyeusi, Mama. Nilishika moja siku ya wageni." Nikamuuliza, na siku zingine? Akaniangalia kama nimemuuliza jambo la aibu. "Ziko kwa kabati. Mwalimu ndiye ako na funguo. Wageni walipiga picha, halafu akatuambia turudishe."

Siku ya wageni ilikuwa mwaka jana, Mwalimu! Mwezi wa kumi!

Kwa hivyo nieleze, nielewe. Serikali imeleta tableti. Ziko hapo hapo darasani, nyuma ya watoto. Umezifungia. Halafu unatuma homwaki kwa simu, kwetu sisi, ploti ya wauza chai na mtura wa kuchoma, watoto watatu wanagombania simu moja ya mtu wa pikipiki. Halafu unatuandikia tukumbatie mabadiliko! Tukumbatie nini? Kabati?

Ungetoa hizo tableti, ukampa kila mtu swali mbele ya macho yako, ungejua siku hiyo hiyo nani anajua na nani hajui. Hungehitaji kuita mtu mwizi.

Naomba kitu kimoja. Mpe Kavutha yale maswali yote upya, darasani, kwa tableti ya shule, wewe ukiwa umesimama hapo. Akipata sufuri, mwandikie sufuri, sitakusumbua tena.

Nangoja jibu.
Kanyiva


Nairobi mjini, 17 Februari 2026

Mwalimu,

Nimengoja. Kila jioni nafungua mkoba wa mtoto kwanza kabla sijavua viatu. Hakuna kitu. Kavutha anasema ulisoma barua yangu, ukaikunja, ukaiweka mfukoni wa koti, na siku hiyo hukufundisha chochote, walinakili tu kutoka ubaoni.

Sasa sikiza vile kumekuwa. Ijumaa niliondoka alfajiri kama kawaida, nikamwacha amevaa yunifomu. Saa nne Mama Mutie ananipigia kutoka lango la shule: "Kanyiva, mtoto hajafika shule, Wahu amesema hakumwona njiani." Nilitoka kwa cherehani na suruali ya mtu imeshonwa mguu mmoja. Nilikimbia. Sikumbuki nilipanda gari gani.

Alipatikana ndani ya napia ya mwenye ploti, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe. Alikuwa amekaa chini na mkoba wake mgongoni, amejifunga vizuri, kila kitu. Nilipomkumbatia aliniambia, "Mama, nilikuwa nataka kwenda. Miguu ndiyo ilikataa." Wanamwita Kopi. Hata watoto wa gredi ya pili. Anapita kwa uwanja wanaimba, Kopi, Kopi.

Mimi sina elimu kubwa, lakini mtoto anayependa shule namjua. Huyu amekuwa akiamka mwenyewe tangu chekechea. Alikuwa anaweka kalamu chini ya mto. Na sasa amejificha kwenye nyasi ya ng'ombe kwa sababu yako. Kwa sababu ya baba Wahu pia, ndiyo, lakini baba Wahu alisema pole siku moja baada ya kuulizwa. Wewe mwenye kusomea kazi hii umekaa kimya siku hizi zote.

Nimeomba ruhusa kwa Nthiwa. Ijumaa nisipopata neno, nitakuja, na sitapitia kwako. Nitaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu nimwambie afungue hilo kabati aone.

Kanyiva


Karuthi, 19 Februari 2026

Mama Kavutha,

Sikujua kuhusu napia. Watoto hawakuniambia, na mimi niliandika tu "hayupo" nikaendelea na somo. Pole sana. Nakuomba unisomee hadi mwisho kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu.

Tableti zilipoletwa, kijana mmoja alikuja kutufunza kuzitumia. Alifundisha asubuhi moja, akaongea haraka, akaondoka. Niliandika kila kitu alichosema. Kesho yake nikaingia darasani kufundisha mzunguko wa maji. Nilikuwa nimejitayarisha kama mwalimu wa mafunzoni. Nikagusa, picha ikageuka juu chini. Nikageuza tableti, nayo picha ikageuka tena. Nikawa nazungusha kile kitu mikononi kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Kisha kikaanza kuongea, na sikujua pa kukinyamazishia. Mvulana wa mbele akainuka, akakichukua mikononi mwangu, akasema, "Guka, ni hapa." Guka, yaani babu. Darasa lilicheka hadi Gredi ya Nne wakaja madirishani.

Mama Kavutha, nimefundisha watu ambao leo ni madaktari. Hakuna darasa lililowahi kunicheka. Siku hiyo nilifunga kabati, na nilijiambia ninalinda mali ya shule, kwa sababu mwenzangu aliandikiwa barua ya onyo tableti moja ilipopasuka kioo. Kila mtu aliniamini. Hata mimi nilianza kuyaamini maneno yangu.

Lakini mwalimu mkuu alitaka kuona tunafundisha kidijitali. Basi nikaanza kutuma homwaki kwa simu za wazazi. Hilo ninaliweza, nikiwa nyumbani kwangu Kinoo, mke wa mwanangu, Ivyne, akinionyesha pa kubonyeza, na hakuna mwanafunzi anayeniona. Majibu ya wale watatu yalipofanana, niliona ni rahisi kusema wizi. Kuwajaribu darasani kungenilazimu kutoa funguo.

Nimebakisha miaka miwili na nusu nistaafu. Naomba tulimalize jambo hili kimya. Nitafuta sufuri zote tatu leo jioni na kuwapa alama ya wastani. Kavutha hatapoteza kitu, na hakuna atakayejua lolote.

J. M. Wahome


Nairobi mjini, 20 Februari 2026

Mwalimu,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Leo sikuenda kwa mkuu. Nimekaa kwa cherehani nikaandika hii kwanza.

Nilikuhurumia. Sitasema uongo. Nilipofika pale pa kuzungusha tableti kama sufuria nilikuona kabisa. Halafu nikafika pale umesema kimya, na ile huruma yote ikanitoka.

Wewe ulichekwa siku moja ukafunga kabati tangu mwezi wa kumi mpaka leo. Ukiwa mtu mzima, na mshahara, na koti. Wangu anachekwa kila siku akipita kwa uwanja, na yeye hana kabati la kujifungia, ana napia. Unaona hiyo? Na wewe unataka tunyamaze pamoja, mimi na wewe, kama watu wamefanya biashara mbaya.

Sitaki alama ya wastani. Ya wastani ni ya nani? Hiyo pia ni alama ya kujaziwa, haina tofauti na ya Mwaura.

Wakati Nthiwa alileta mashine za stima hapa kazini mimi nilikuwa najua ya miguu tu. Niligusa kanyagio, kitambaa kikaenda chote, kidole nusura kiende nacho. Kuna msichana hapa, mdogo kwangu, alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia ukimaliza kucheka uje unionyeshe. Alikuja. Nilimuuliza kitu kimoja mara nyingi mpaka akachoka na mimi. Sikufa, Mwalimu. Niliaibika tu, na aibu ilipita na kazi nikabaki nayo.

Kavutha anasema wewe huwaambia asiyeelewa ainue mkono, hakuna swali la kijinga. Yeye anakuamini ukisema hivyo. Inua wako.

Toa hizo tableti. Waambie watoto hujui, wakuonyeshe. Wacheke, watachoka. Halafu umpe Kavutha maswali yake, na Wahu, na Mutie. Kama Jumanne haijafanyika, basi mimi na mkuu wako tutakutana.

Kanyiva


Karuthi, 24 Februari 2026

Mama Kavutha,

Nimefungua kabati leo asubuhi.

Hakuna hata tableti moja iliyowaka. Zilikuwa zimekufa betri zote kwa kukaa. Nilisimama mbele ya darasa na rundo la vioo vyeusi, na nilidhani Mungu amenipa njia ya kutorokea. Nikataka kuzirudisha. Kisha nikamwona Kavutha anatazama mikono yangu, sio uso. Darasa letu lina soketi moja na haifanyi kazi, kwa hivyo tulizibeba hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Alituuliza zilikuwa wapi muda wote huo. Nikamjibu, "Kabatini, mwalimu mkuu. Mimi ndiye niliyezifungia." Alichomoa birika lake la chai ili tupate pa kuchomeka.

Baada ya chakula nikawaambia watoto ukweli: mimi kitu hiki sikijui, nani atanionyesha? Walicheka, ndiyo. Mutie alikuwa wa kwanza kuja. Ana subira kuliko yule kijana wa mafunzo. Aliniambia, "Usikigandamize, Mwalimu, kiguse tu kama unaangalia kama chai ni moto."

Kisha wale watatu wakafanya maswali yote upya, kila mmoja kona yake, mimi nikiwa nimesimama. Kavutha amepata saba kati ya kumi. Ile kazi iliyojazwa na jirani yenu ingempa nane. Kwa swali la chombo salama ameandika: "Ni miguu, kama umeshikwa mkono na mtu anakupenda." Programu imekataa, inataka treni. Mimi nilitaka kumwongezea alama hiyo.

Nimefuta sufuri zote tatu na kuandika alama zao halisi. Kwa hivyo nadhani jambo hili sasa limekwisha. Asante kwa uvumilivu wako.

J. M. Wahome


Mutuini, 2 Machi 2026

Mwalimu,

Saba ni yake. Usiongeze. Treni ikae treni. Huyo mtoto alikosea mwenyewe, na nilipoambiwa nilimwinua nikamzungusha hapa nyumbani mpaka akasema mama niweke chini, mimi ni mkubwa. Hiyo siku ulifanya kazi ya mwalimu na nasema asante, na ni asante ya kweli.

Lakini umeandika jambo limekwisha. Limekwisha kwa nani?

Leo asubuhi nilimpeleka shule mwenyewe, nikachelewa kazi. Tumefika tu kwa lango, kavulana ka gredi ya tatu kakasema, "Kopi ameletwa na mamake." Ulimfutia sufuri ndani ya mashine, Mwalimu. Jina hukulifuta. Hilo haliko kwa mashine. Liko kwa midomo ya watoto, na wewe ndiye uliliweka, ukiwa umesimama mahali pa juu na maikrofoni.

Darasa lako linajua. Sawa. Shule nzima je? Wale waliosimama paredi siku ile ni wote, kuanzia chekechea. Hukumwita mwizi kimya. Huwezi kumtoa wizi kimya.

Usinitumie pole kwa barua, sitaisoma. Nataka ile ile paredi, mahali pale pale, majina yote matatu. Na kama unaona ni aibu, ujue kwamba hicho ndicho kitu mtoto wangu amekuwa akibeba shuleni na kurudi nacho, na hakuwa na kosa.

Kanyiva


Mutuini, 7 Machi 2026

Mwalimu Wahome,

Hukuniona jana. Nilikuwa nje ya lango, nyuma ya mama wa mandazi. Mwaura alinileta na akabaki hapo na mimi, amevaa shati ya vifungo. Alisema akiitwa ataingia.

Niliona ukipanda. Niliona maikrofoni ikikataa, ukaigongagonga, halafu ukaiweka chini. Nikasema moyoni, haya, amepata sababu ya kushuka. Hukushuka. Uliongea na sauti yako hiyo ya kawaida mpaka ikafika kwetu barabarani. "Kavutha. Wahu. Mutie. Niliwaita wezi wa majibu hapa. Si wezi. Nilikosea mimi, na sikuuliza." Ulivyosema hapo ndivyo nilivyokuwa nimeomba. Hayo mengine ya kabati, kwamba ulizifungia kwa sababu ulichekwa, sikuwa nimekuomba uyaseme mbele ya shule. Kuna waliocheka. Ukangoja wamalize. Halafu ukawaambia waende darasani.

Mama wa mandazi aliuliza, "Huyo mwalimu ana nini leo?" Mwaura akamjibu, "Ana homwaki." Nilimkanyaga mguu.

Nilidhani nitafurahi. Nilitembea mpaka steji nikiwa na hasira kuliko siku ya kwanza, na nitakuambia kwa nini. Ilichukua muda wa kumenya ndizi. Hiyo tu! Kitu kilichomla mtoto wangu mwezi mzima, kikamtia kwenye nyasi, kilikuwa kinaweza kuondolewa kwa muda wa kumenya ndizi, na ulikuwa nacho mdomoni siku zote. Nililia kwa gari, mtu akanipa kiti.

Kwa hivyo sijakusamehe bado. Usiniulize lini. Nikikuona nitakusalimia, na mtoto hatasikia neno baya juu yako kutoka kwangu, lakini hasira yangu iko. Itapungua nikiona. Nikiona hizo tableti zinatoka kila siku na sio siku ya wageni. Nikiona kuna soketi, na kwa hiyo soketi mimi na wazazi wengine tutamwona mkuu, usiogope kuja na sisi. Nikiona homwaki ya simu imebaki kwa wenye simu, na hawa wetu wanafanyia yao hapo shuleni kabla ya kengele ya mwisho. Mutie ameniambia hata wewe sasa unauliza kabla ya kubonyeza. Sawa. Endelea kuuliza.

Leo ni Jumamosi, sikuenda mjini. Kavutha amekaa chini kati ya magoti yangu, nimemsuka nusu ya kichwa na hiyo nusu nyingine imesimama kama moto. Hii barua naiandikia juu ya bega lake kila nikipumzisha vidole. Anasema Jumatatu atasimama mbele akuonyeshe wewe na darasa jinsi ya kufanya picha ya moyo wa mtu iwe kubwa mpaka mishipa ionekane, kwa sababu ya kwako ilibaki ndogo. Amesema hawezi kusimama mbele na nywele za nusu.

Ananisukuma na kiwiko. Anasema, "Mama, wacha kuandika, suka."

Kanyiva